Ubongo Unaposikilizwa kwa Karibu



Mwezi wa Julai mwaka 2021 zilitangazwa habari kutoka mji wa San Francisco, Marekani, kwamba mtu mmoja aliyepooza mwili na kupotewa na uwezo wa kusema kwa zaidi ya miaka 15 ameweza kutoa maneno yaliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, bila kutumia mkono wala ulimi. Madaktari wa Chuo Kikuu cha California walikuwa wamelifungua fuvu lake na kulaza juu ya ubongo utando laini wenye elektrodi 128, yaani vituo vidogo vidogo vya kunasia umeme. Kila alipojaribu kutamka neno, umeme wa sehemu ile ya ubongo inayoongoza midomo, ulimi na koo ulinaswa, na kompyuta ikabashiri neno alilokusudia.

Habari za namna hii hazikosi kuzaa uvumi. Wapo watakaosema kwamba sasa imepatikana mashine ya kusoma mawazo ya watu, na katika kambi za jeshi na vituo vya polisi swali litakuja upesi: je, mshukiwa aliyekataa kusema ataweza kusomwa kichwani? Hataweza, na sababu zake zitaelezwa katika mazungumzo haya. Lakini swali lenyewe linapita kando ya jambo kubwa zaidi. Ufundi huu haukubuniwa ili kuiba siri ya mtu. Ulizaliwa katika vyumba vya operesheni, na miongoni mwa waliouwezesha kuzaliwa walikuwamo askari waliopigwa risasi na vipande vya mizinga kichwani, wakapona kidonda, kisha baada ya miezi au miaka wakaanza kuanguka kifafa.

Yafaa kwanza ieleweke kifafa ni kitu gani. Ubongo wa mwanadamu una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na chembe hizo hupashana habari kwa umeme mdogo sana. Katika hali ya kawaida kila kundi la chembe lina kazi yake na wakati wake: hili huinua mkono, lile hutambua sauti, jingine hutunza kumbukumbu. Kifafa hutokea pale kundi fulani linapoacha utaratibu huo na kuanza kufyatua umeme kwa pamoja, kwa nguvu na bila amri. Iwapo fujo hiyo itabaki mahali pake, mgonjwa huenda akatetemeka kidole tu, au akasikia harufu isiyokuwapo, au akakodoa macho kwa muda mfupi. Ikienea ubongo mzima, huanguka na kupoteza fahamu. Hakuna pepo hapo, wala laana, wala ugonjwa wa kuambukizana kwa mate ya mgonjwa, ingawa imani hizo zimewafanya watu wengi waachwe bila msaada. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, Dakta Louise Jilek-Aall, mwenyeji wa Norway aliyefungua kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto kwa kuwa walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwagusa.

Kwamba ubongo una umeme lilikuwa jambo lililojulikana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1875 daktari mmoja wa Liverpool, Uingereza, aliyeitwa Richard Caton, alieleza mbele ya madaktari wenzake jinsi alivyoweka waya juu ya ubongo uliofunuliwa wa sungura na nyani, na jinsi kipimo chake cha umeme kilivyochezacheza. Elektrodi zilizowekwa juu ya ubongo zilitangulia, basi. Zile za kubandikwa juu ya ngozi ya kichwa zilikuja baadaye.

Aliyefanya jambo hilo kwa binadamu alikuwa Mjerumani, Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena. Kisa chake kitawavutia wanajeshi. Alipokuwa kijana katika mafunzo ya jeshi, katika miaka ya 1890, farasi wake aliruka na kumbwaga mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi wengine, akanusurika kidogo tu kusagwa. Jioni ya siku hiyo hiyo ilimfikia simu ya maandishi kutoka nyumbani ikimwuliza hali yake, kwa sababu dada yake alikuwa ameshikwa na hofu kwamba kaka yake amepatwa na jambo. Berger akaamini kwamba mawazo yake ya hofu yalisafiri hadi kwa dada yake, na miaka yake mingi iliyofuata aliitumia kutafuta nguvu hiyo inayotoka ubongoni. Mwaka 1924 alipata kuchora mawimbi ya umeme kutoka kichwani mwa kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imeondolewa kwa operesheni, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Alichotafuta, yaani mawazo yanayosafiri hewani, hakukipata. Alichokipata ni kipimo ambacho hadi leo ndicho tegemeo la madaktari wa kifafa ulimwenguni kote.

Kipimo hicho cha Berger, kile cha kubandika elektrodi juu ya ngozi ya kichwa, kina faida kubwa: hakihitaji kisu, hakiumizi, na gharama yake si kubwa. Lakini kina upungufu wake. Kati ya ubongo na elektrodi kuna utando, kuna maji, kuna mfupa wa fuvu, kuna ngozi. Mfupa haupitishi umeme vizuri. Umeme ufikao juu ya ngozi huwa ni sehemu chache tu za milioni za volti, makumi kwa kawaida, na huwa umetawanyika. Mtu asimamaye nje ya ukuta wa uwanja wa gwaride husikia kishindo cha buti pale kikosi kizima kinapokanyaga kwa pamoja. Atajua kwamba watu wanakwenda mwendo wa pole au wa haraka, na atajua wakisimama. Ila askari mmoja aliyekosea hatua katika safu ya tatu hatamtambua. Kumtambua huyo lazima mtu aingie ndani ya ukuta.

Hapo ndipo askari majeruhi wanapoingia katika historia hii. Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, iliacha maelfu ya watu wenye majeraha ya kichwa. Katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani na leo ni Wrocław nchini Poland, daktari Otfrid Foerster aliwatibu wengi wao. Foerster, ambaye pia alikuwa mmoja wa madaktari waliomwuguza Lenin katika miaka yake ya mwisho, aliona kwamba kovu lililobaki ubongoni baada ya risasi huweza kuwa chimbuko la kifafa. Alilifungua fuvu chini ya ganzi ya mahali tu, mgonjwa akiwa macho, akaugusa ubongo kwa umeme mdogo ili kujua kila sehemu ina kazi gani, kisha akalikata kovu. Jambo hili laweza kumtisha msikilizaji, lakini ubongo wenyewe hauna hisi ya maumivu. Kinachouma ni ngozi na utando mgumu wa juu, na hivyo vyaweza kutiwa ganzi. Mwaka 1935 Foerster na mwenzake Altenburger walichapisha maelezo ya umeme walioupima moja kwa moja juu ya ubongo wa binadamu katika chumba cha operesheni.

Mwaka 1928 alikuwa amefika Breslau mgeni kutoka Amerika ya Kaskazini, daktari mpasuaji Wilder Penfield. Yeye naye alikuwa ameionja vita: mwaka 1916 alijeruhiwa mguu pale meli ya Sussex, aliyokuwa akisafiria kuvuka mlango wa bahari wa Uingereza, ilipopigwa na nyambizi ya Wajerumani. Penfield alikaa na Foerster kwa miezi kadhaa, akajifunza ufundi wake, akaupeleka Montreal, Kanada. Mwaka 1934 ilifunguliwa huko Taasisi ya Neva ya Montreal chini ya uongozi wake, na miaka michache baadaye akaungana naye mwanasayansi Herbert Jasper, bingwa wa mawimbi ya ubongo.

Ushirikiano wa watu hawa wawili ndio ulioufanya upimaji huu kuwa kazi ya kila siku hospitalini. Penfield alifungua fuvu, akaweka vijikaratasi vyenye namba juu ya ubongo kila mahali alipopata jibu, akizungumza na mgonjwa wakati wote. Jasper alisoma mistari iliyokuwa ikichorwa na kalamu za mashine kutoka kwenye elektrodi zilizolazwa juu ya ubongo huo huo. Mmoja aliuliza, “Mahali hapa pana kazi gani?” Mwingine aliuliza, “Fujo inaanzia wapi?” Daktari akate pale penye fujo bila kugusa pale penye kazi: hilo ndilo jambo lote, na ugumu wake wote umo humo. Kitabu chao kikubwa juu ya kifafa kilitoka mwaka 1954.

Upungufu wa njia ya Penfield na Jasper ulikuwa muda. Mgonjwa hawezi kukaa na fuvu wazi juu ya meza kwa siku nzima akingoja kifafa kimjie. Waliyoyaona yalikuwa zaidi ni miripuko midogo midogo inayojitokeza kati ya kifafa kimoja na kingine, ambayo huelekeza lakini haithibitishi. Ndipo ukaja utaratibu wa kuziacha elektrodi ndani na kulifunga fuvu.

Siku hizi utaratibu huo ni huu. Elektrodi ni visahani vya platini vyenye upana wa milimita chache, vilivyopangwa kwa safu ndani ya utando mwembamba wa silikoni, kila kimoja sentimita moja hivi kutoka mwenzake. Utando wa safu nane kwa nane una elektrodi 64. Mpasuaji hulifungua fuvu, hulaza utando huo juu ya eneo linaloshukiwa, huzitoa waya nje kupitia ngozi, hufunga, na mgonjwa hurudishwa wodini akiwa na kilemba cha bandeji. Kamera humtazama usiku na mchana. Dawa zake za kifafa hupunguzwa kwa makusudi. Kwa lugha ya askari, madaktari wanavizia. Adui anayejificha hawezi kujulikana anatokea njia gani mpaka atoke, kwa hiyo anaachwa atoke, lakini mbele ya macho ya walinzi waliojipanga tayari.

Kungoja huko huchukua siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. Kifafa kinapokuja, mistari ya elektrodi zote hutazamwa kwa uangalifu. Sekunde ndizo ushahidi. Aghalabu elektrodi mbili au tatu huanza kuonyesha mawimbi madogo ya haraka huku nyingine zote zikiwa kimya. Kisha jirani zake hufuata, kisha eneo zima. Zile za kwanza ndizo zinazoonyesha chimbuko. Hapo mtu asiyeona ila mwili wa mgonjwa bado hajaona lolote. Mkono utaanza kutetemeka baadaye.

Katika siku hizo hizo hufanywa na kazi ya pili. Umeme mdogo hupitishwa kati ya elektrodi na jirani yake huku mgonjwa akionyeshwa picha na kuambiwa azitaje. Ataje jembe, ataje mbuzi, ataje kiti. Umeme ukifika penye lugha, ulimi hukwama: kiti anakiona, anajua cha kukalia, lakini jina halitoki. Umeme ukikatwa jina hurudi. Mahali hapo hutiwa alama, na kisu hakitapita hapo. Ikitokea kwamba chimbuko la kifafa limo katikati ya eneo la lugha au la mkono, madaktari huenda wakamwambia mgonjwa kwamba hawatakata, baada ya taabu yote ile. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni kushindwa. Afadhali kushindwa huko kuliko kumrudisha mtu nyumbani asiye na kifafa na asiye na lugha.

Isidhaniwe kwamba ni njia isiyo na hatari. Fuvu likifunguliwa na waya kuachwa zikitokeza, wadudu wa ugonjwa huweza kuingia, damu huweza kuvuja, ubongo huweza kuvimba. Kwa sababu hiyo hutumika tu kwa wagonjwa ambao dawa zimewashinda na vipimo vingine havikutoa jibu. Tena elektrodi hizi husikia pale zilipolazwa tu. Ikiwa chimbuko liko mahali pengine, zitakuwa kama kituo cha ukaguzi kilichowekwa kwenye barabara isiyo yenyewe, kitakachoona gari likipita na kudhani kwamba limeanzia hapo. Madaktari wa Paris, Jean Talairach na Jean Bancaud, walianzisha katika miaka ya 1950 njia nyingine ya kupenyeza elektrodi nyembamba ndani ya ubongo kupitia matundu madogo, na hospitali nyingi leo huipendelea hiyo.

Sasa turudi kwenye lile swali la mshukiwa. Mtu yule wa San Francisco hakusomwa mawazo. Alikubali kwa hiari yake kufanyiwa operesheni, kisha kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu alifanya mazoezi na watafiti, akijaribu kutamka maneno 50 tu, tena na tena, mpaka kompyuta ikazoea alama za ubongo wake yeye peke yake. Hata hivyo maneno yaliyotoka yalikuwa kama 15 kwa dakika, na takriban robo yake yalikosewa. Mwaka 2023 watafiti hao hao walitangaza kwamba mwanamke aliyepooza, kwa elektrodi 253, aliweza kufikisha maneno 78 kwa dakika, nalo ni jambo kubwa. Lakini katika visa vyote viwili kilichonaswa ni juhudi ya kusema, yaani amri ambayo ubongo unaipeleka kwenye midomo na ulimi. Asiyejaribu kusema hatoi amri hiyo. Siri aliyonayo moyoni elektrodi hizo haziijui, na mpelelezi atabaki na kazi yake ya siku zote: mashahidi, nyayo, vielelezo na uvumilivu.

Kwa askari na polisi, basi, uzito wa jambo hili uko kwenye majeraha. Nchini Marekani walichunguzwa wanajeshi 421 waliorudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa na majeraha yaliyopenya fuvu, na ripoti iliyochapishwa mwaka 1985 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walipata kifafa. Wengine kiliwaanza baada ya miaka zaidi ya mitano tangu kujeruhiwa, wakati ambapo mtu ameshasahau kidonda, ameshavua sare, na watu wa kijijini wanatafuta sababu kwa waganga. Si risasi peke yake iletayo hali hiyo. Pigo zito la rungu na ajali ya lori au pikipiki huweza kuacha kovu la namna hiyo hiyo ubongoni. Askari aliyeanza kuanguka miaka minne baada ya gari lake kupinduka akiwa kazini ana jeraha la kazini, hata kama kwa nje hakuna alama yoyote.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kupewa dawa zinazofaa. Dawa hizo si ngeni; fenobabitoni ilianza kutumika mwaka 1912 na bei yake ni ndogo. Wanaohitaji kufunguliwa fuvu ni wachache kati ya wale ambao dawa zimewashinda. Kwa hao wachache operesheni ina maana kubwa: katika jaribio moja lililofanywa Kanada, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2001, wagonjwa 80 wa kifafa cha sehemu ya ubongo iliyo ubavuni mwa kichwa, karibu na sikio, waligawanywa mafungu mawili, na baada ya mwaka mmoja asilimia 58 ya waliopangiwa operesheni hawakuwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu, hali katika fungu la dawa peke yake walikuwa asilimia 8. Hata katika Afrika Mashariki jambo hili si ndoto. Operesheni za kifafa zimekwisha kufanywa katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2009.

Lakini kabla ya elektrodi yoyote, daktari huanza na shahidi. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki kilichompata, na mara nyingi aliyemwona akianguka ni mwenzake wa lindo, au polisi wa doria aliyemkuta kando ya njia na kwanza akamdhania mlevi. Alazwe ubavu, vitu vya kumwumiza viondolewe, asishikiliwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko au kijiti mdomoni. Na ikiwa mtikisiko umepita dakika tano apelekwe hospitali mara moja. Kisha yaandikwe yaliyoonekana, kama vile askari anavyoandika katika kitabu cha matukio: saa ngapi kilianza, ni mkono gani au upande gani wa uso uliotangulia kucheza, macho na kichwa viligeukia wapi, kilichukua muda gani, na alipozinduka aliweza kutaja jina lake baada ya dakika ngapi. Mkono wa kushoto ukitangulia, daktari ataanza kutafuta upande wa kulia wa ubongo.